Dawati la Apondi

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua ilinitangulia shuleni. Nilipanda kilima hiki cha nyuma ya Asumbi viatu vikiwa mkononi, na Mwalimu Mkuu, Madam Dorah, alipotoka ofisini alinitazama miguu kabla ya uso. Akaniletea beseni yeye mwenyewe. Nikanawa matope mbele ya walimu wote, wao wakinywa chai. Si mwanzo niliokuwa nimejitungia.

Mvua iliposita tukasimama paredi. "Huyu ni Madam Nyangi kutoka chuo cha Migori," akasema. "Atakuwa nasi muhula mzima, akijifunza kazi ya kuwasaidia watoto wetu wale." Aliposema "wale", shule nzima iligeuka kumtazama msichana mmoja wa Gredi ya Nne, sweta imefungwa vifungo kombo. Msichana naye akageuka, aone ni nani anayetazamwa.

Anaitwa Apondi. Ana miaka kumi na mmoja. Karatasi ya uchunguzi inasema ana ulemavu wa akili. Nimeisoma mara moja, nikaikunja, nikaiweka chini kabisa ya begi.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua. Bati linapiga kelele hata Mwalimu Javan amefundisha kwa mikono.

Jumatano, 30 Aprili

Javan ndiye mwalimu wa Gredi ya Nne. Ni mtu wa Mfangano, mrefu, mwenye mzaha usioisha na watoto sabini na mmoja. "Karibu, yaya wetu," aliniambia mbele ya darasa.

"Mimi si yaya."

"Basi tukuite daktari?"

Watoto wakacheka. Nikamwambia aniite Madam Nyangi, kama anavyomwita kila mwanamke aliyekanyaga chuo. Akainua chaki juu kama mtu aliyesalimu amri.

Watoto wake wamebanana wanne wanne katika kila dawati. Apondi ana dawati zima peke yake, karibu na mlango. Mgeni angedhani ni heshima.

Apondi husema Kijaluo, maneno machache, polepole. Mimi ni Mkuria wa Kehancha. Kijaluo changu kinaishia kwenye salamu. Mkalimani wangu ni Quinter, msichana wa dawati la pili, mwenye ulimi mwepesi na nywele zilizonyolewa karibu na ngozi. Leo Apondi aliniita "nyako". Nikamuuliza Quinter maana yake.

"Msichana," akasema, akificha mdomo. "Anakuita msichana, Madam."

Nikamwambia Apondi hajakosea.

Jumapili, 4 Mei

Mama amepiga simu, na nyuma yake nikamsikia Baba: "Muulize kama wameshampa watoto wa kupangusa makamasi."

Nilipata alama za kusomea sheria. Baba alikuwa ameshawatangazia watu wa Kehancha kwamba ana wakili nyumbani. Nilipochagua kozi hii alidhani ni homa, itashuka. Nimemwambia Mama amfikishie: nimepewa mtoto mmoja, na pua yake ni kavu.

Alhamisi, 8 Mei

Wakati wa mapumziko wavulana walimzingira Apondi wakiigiza anavyotembea, miguu ikiburuta, mdomo wazi. Yeye alikuwa akicheka pamoja nao. Hilo ndilo lililonichoma, kwamba alidhani ni mchezo na yumo ndani yake.

Niliwatawanya. Kengele ilipolia nikasimama mbele ya darasa, nikasema kwa sauti ambayo sikujua ninayo: "Kuanzia leo, mtu asimguse Apondi. Akihitaji kitu, niambieni mimi. Akianguka, niiteni mimi. Apondi yuko mikononi mwangu."

Hata Javan hakufanya mzaha. Nimerudi chumbani kwangu nikitembea kama wakili aliyeshinda kesi.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua tangu alfajiri. Hakuna aliyemgusa.

Alhamisi, 15 Mei

Nimehamisha kiti changu, sasa nakaa bega kwa bega na Apondi. Namfungia vifungo. Namchongea penseli. Namshika mkono tunaandika pamoja. Uji ukija namchukulia kikombe ili asisukumwe kwenye foleni. Akiulizwa swali na akakawia, mimi najibu, maana watoto huanza kuguna.

"Madam Nyangi," Javan ameniambia leo, "siku hizi ukikohoa, Apondi anapona kifua."

Nimemjibu kwamba wivu ni dhambi. Nchagwa, tuliyeanza naye kozi na sasa yuko Sori kwa mafunzo kama haya, ananiandikia kwamba yeye wamempa kazi ya kupiga kengele. Mimi nina mtoto. Mimi ninafanya kazi.

Jumanne, 20 Mei

Madam Dorah aliniita ofisini, akanimiminia chai, akanisogezea ndizi.

"Madam Nyangi, wewe ni jibu la maombi."

Ninaogopa sentensi zinazoanza hivyo. Akaendelea. Ile stoo ya zamani ya mahindi, upande wa pili wa uwanja, itapakwa rangi. Katikati ya muhula ikipita, Apondi atahamia huko, pamoja na wawili wa Gredi ya Pili na mmoja wa Gredi ya Sita. Mimi nitakaa nao. Itaitwa kitengo, na kutakuwa na kibao kwenye lango.

"Watahamia kwa somo gani?" nikauliza.

"Kwa yote, mwanangu. Wanahitaji utulivu."

"Apondi hajawahi kuomba utulivu."

"Hajui kuomba."

"Basi tutajuaje anautaka?"

Akaweka kikombe chini. Hakukasirika. Ni mwanamke asiyekasirika haraka, na hiyo ndiyo shida, maana ukali wangu haupati pa kugonga. "Nina watoto wengine sabini mle ndani wanaomsubiri mmoja. Javan hamalizi silabasi. Nikimweka mahali pake, nani anaumia?"

Nikamwambia sera ya elimu inasema mtoto kama Apondi ajifunze pamoja na wenzake. Niliinukuu, karibu neno kwa neno.

"Sera iko Nairobi," akasema. "Mimi niko na stoo na watoto. Kunywa chai yako."

Sikuinywa. Nimekaa hapa nikiwaza habari hii tena na tena, na kila nikiipindua inakuja na sura ileile: miaka minne Apondi amekaa katika shule hii bila mtu kufikiria kumtoa darasani, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumkabidhi. Sasa yupo. Nimekuja kumsaidia, na kuja kwangu ndiko kunakomtoa.

Sitakubali. Ninaliandika hapa ili kesho nisijifanye nimesahau.

Jumatano, 21 Mei

Mvua ya mawe. Wanajenga rafu stooni.

Jumatatu, 9 Juni

Mvua imekatika. Wiki moja bila tone. Kutoka juu hapa ziwa linaonekana kama sufuria iliyosuguliwa. Mafundi wamepaka stoo rangi ya kijani.

Jumanne, 10 Juni

Tangi la shule limelia kopo. Kila mwaka, naambiwa, mvua ikikatika tangi nalo huisha, na watoto huanza kuteremka bondeni kwa chemchemi. Kila darasa linagawanywa kwa makundi. Javan ameyapa makundi yake majina ya visiwa vya kwao: Mfangano, Rusinga, Takawiri, Ringiti. Watoto wa kundi moja huteka maji pamoja, hufagia pamoja, hukaa pamoja wakati wa hesabu. Asubuhi hawaitwi kwa majina, huitwa kwa visiwa, na kiongozi wa kundi hujibu kwa niaba ya wote.

Nilimsikiliza akisoma orodha hadi mwisho. Jina la Apondi halikuwemo kisiwani.

Jumatano, 11 Juni

"Huyo husamehewa," Javan alisema nilipomfuata.

"Amekosa nini hata asamehewe?"

"Madam, ni maji. Bondeni kule kuna utelezi."

"Mama yake ameniambia kwao Apondi huchota kila jioni. Lita kumi, kichwani."

"Na akianguka?"

"Watoto wako huanguka kila siku, unawacheka."

Alikuwa akisahihisha vitabu. Akafunga kimoja, akafungua kingine. "Unajua unachonisumbulia? Ni mtungi wa maji tu."

Nikamwambia hapana. Nikamwambia kwamba katika darasa lake mtu asiye na kundi hana pa kukaa wakati wa hesabu, hana zamu, hana wa kugombana naye, na Madam Dorah akija kuchukua dawati lake hakuna kitakachobaki na pengo. Nilisema mengi. Nadhani nilipiga meza.

Javan akachukua kalamu nyekundu, akaandika chini ya Mfangano: *na Apondi*.

"Hicho ni kisiwa cha kwetu," akasema. "Ukikizamisha, tutaongea wewe na mimi."

Alhamisi, 12 Juni

Ana nguvu kuliko wote. Amepanda na jerikeni kichwani bila kuishika, shingo imenyooka, wakati Quinter, ambaye ndiye kiongozi wa Mfangano, alipumzika njiani mara mbili. Mimi nilikuwa kando yake nimemshika kiwiko. Wengine walitutangulia wakiimba.

Jumatatu, 16 Juni

Maji tena. Wengine walitutangulia.

Jumatano, 18 Juni

Nitaandika kwa mpangilio.

Tulikuwa chemchemini, Mfangano wote, mimi na Apondi. Simu ikaita, Madam Dorah ananitaka ofisini mara moja. Nikamwambia Apondi anisubiri, nikaonyesha jiwe, akakaa. Nikapanda. Ofisini kulikuwa na jambo la kibao cha kitengo: kiandikwe Kiswahili au Kiingereza. Tulibishana. Nilisema kisiandikwe kabisa. Nilifurahia ubishi ule, nakiri; nilikuwa na maneno mazuri.

Nilipotoka, Mfangano walikuwa darasani, mitungi imepangwa ukutani. Apondi hakuwepo.

Nilikimbia bondeni. Jiwe lilikuwa tupu. Jerikeni yake nayo haikuwepo. Nikaita jina lake hadi wanawake waliokuwa wakifua wakaacha kufua. Mmoja alisema amemwona akielekea juu, mwingine akasema chini. Javan aliacha darasa. Wavulana wa Gredi ya Sita walitumwa kwenye njia ya misheni, na Madam Dorah mwenyewe, na umri wake na viatu vyake vya ofisini, aliingia kwenye mashamba ya mahindi akipasua majani kwa mikono.

Nilifika barabara ya lami inayokwenda Homa Bay. Malori yalikuwa yakipita na mchanga. Nilisimama pale nikatazama lami, na sikutaka kutazama, nikatazama.

Ni mama yake aliyemwona. Edith huuza omena, dagaa wa ziwani, soko la Rangwe, na alikuwa akirudi na karai lake alipomkuta binti ameketi juu ya jerikeni kando ya lami, akitazama magari. Jerikeni ilikuwa imejaa. Alikuwa ametembea njia yote ile akimtafuta mama yake, na hakumwaga.

Walikuja shuleni jua likiwa limeinama. Nilimkimbilia Apondi, Edith akaweka mkono kati yetu. Hakupaza sauti.

"Madam," alisema, "mtoto wangu hapotei. Njia zote anazijua. Ameachwa."

Alhamisi, 19 Juni

Apondi hakuja shule. Nilimwita Quinter chini ya ukingo wa paa, nikamuuliza kwa nini kundi liliondoka likamwacha mwenzao ameketi kwenye jiwe.

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. Alidhani namtega.

"Madam, huyo si yetu. Ni yako."

"Nani amesema?"

"Wewe. Ulisema mtu asimguse. Kuna siku Shantel wa kundi letu alitaka kumfunga sweta, ukamwambia rudi kwa kiti." Akafikiri kidogo. "Zamani tulikuwa tunamtuma dukani. Alikuwa anajua kwenda. Sasa tunaogopa."

Nikamwambia aende. Nilibaki pale nikitazama uwanja.

Kwa hiyo stoo ilikuwa imeshajengwa. Niliijenga mimi, mwezi wa Mei, kwa mwili wangu mwenyewe, na haikuwa na rangi ya kijani ndiyo maana sikuiona.

Ijumaa, 20 Juni

Madam Dorah aliweka ufunguo wa stoo mezani. "Mtoto akipotea chini yangu, sina shule. Jumatatu baada ya mapumziko ya muhula, Apondi anahamia kitengo. Chukua."

"Sitauchukua, Madam."

"Baada ya juzi bado unabisha?"

"La juzi lilikuwa kosa langu. Asiadhibiwe yeye."

"Si adhabu."

"Basi niweke mimi stooni, yeye abaki."

Aliuchukua ufunguo, akautia kwenye mkoba wake, akaufunga zipu taratibu.

Ijumaa, 27 Juni, Kehancha

Mapumziko. Baba alinisikiliza habari yote akichambua maharagwe. "Mwenye shule amesema hapana," akasema. "Wewe ni nani mle ndani?" Nikamwambia mimi ni wakili aliyekuwa anamtaka. Mama akacheka hadi akatoka nje. Baba hakucheka, ila hakuniuliza tena kuhusu makamasi.

Jumatatu, 30 Juni

Nilikuta dawati la Apondi stooni. Nimelibeba kichwani, nikavuka uwanja paredi ikiendelea, nikalirudisha karibu na mlango. Apondi akakaa.

Kisha nikafuta amri yangu, mbele ya darasa lilelile. "Nilikosea. Apondi si wangu. Ni wa Mfangano. Mkiondoka chemchemini bila yeye, mtarudi mumfuate, hata kama mmeshafika juu." Nikachukua kiti changu, nikaenda kukaa nyuma kabisa ya darasa.

Jumanne, 1 Julai

Dawati limehamishwa. Nimelirudisha.

Jumatano, 2 Julai

Limehamishwa. Nimelirudisha. Shingo inauma.

Alhamisi, 3 Julai

Limehamishwa. Nimelirudisha. Kukaa nyuma ni kugumu kuliko kubeba dawati. Leo Apondi alikaa na sweta kombo hadi adhuhuri. Kwenye foleni ya uji alisukumwa, akamwagikiwa, akalia. Nilikalia mikono yangu. Quinter alitazama nyuma mara nyingi, anione kama nitainuka. Sikuinuka. Mwishowe Shantel akatoka kwenye foleni, akapoteza nafasi yake, akampangusa kwa upindo wa sketi, huku akimgombeza kwa Kijaluo kama dada mkubwa.

Nimejiona sina kazi. Kuna kitu ndani yangu kinachotaka kuhitajiwa, na leo kililia zaidi ya Apondi.

Ijumaa, 4 Julai

Limehamishwa. Nimelirudisha. Javan alinisaidia upande mmoja. "Usiniandike popote," akasema.

Jumatatu, 7 Julai

Madam Dorah amelifungia dawati ndani ya stoo. Kufuli jipya.

Nilisimama mbele ya mlango wa kijani nikausukuma kwa bega, upuuzi mtupu. Niliporudi darasani somo lilikuwa limeanza. Pale karibu na mlango palikuwa na sakafu tu. Nilimtafuta Apondi kwa macho, kama siku ile ya lami.

Alikuwa dawati la pili. Wamebanana watano. Quinter alikuwa amening'inia nusu ya tako nje ya ukingo, akinong'ona kwa hasira, "Sogea, Apondi, sogea," na Apondi akisogea kidogo mno, akitabasamu, kiwiko chake kiko juu ya kitabu cha mtu.

Sitalitafuta tena lile dawati. Na walitafune panya wa stoo.

Alhamisi, 10 Julai

Mfangano wameondoka chemchemini na kusahau mtoto mmoja. Wakarudi kumfuata wakilaani. Aliyesahauliwa alikuwa Shantel.

Jumatatu, 14 Julai

Madam Dorah amenijulisha kwamba mkufunzi wangu, Bwana Kerosi, atakuja tarehe ishirini na mbili kunitathmini. Somo langu litafanyika kitengoni, na Apondi peke yake. Madam mwenyewe atakuwepo, amemwahidi Bwana Kerosi kumwonyesha chumba.

Mtego ni mzuri, siwezi kuukana. Nikifundisha mle, napata alama, na mkufunzi wa chuo anakuwa shahidi kwamba kitengo kipo na kinafanya kazi. Hapo Apondi harudi tena.

"Na nikibaki Gredi ya Nne?"

"Hutakuwa na somo la kutathminiwa. Utarudia mafunzo." Akanitazama karibu kwa huruma. "Una akili, Nyangi. Usiichome kwa moto wa mtoto ambaye hata hataukumbuka."

Nimewaza sana sentensi hiyo. Ni kweli hataukumbuka. Sijaelewa kwa nini ni hoja.

Jumatatu, 21 Julai

Nchagwa ameandika: *Fundisha stooni, pata alama, mengine utayapigania ukishaajiriwa.* Ndivyo wote tutakavyosema kila mwaka, hadi tustaafu.

Jumanne, 22 Julai

Bwana Kerosi alikuja na faili na leso ya kupangusa jasho. Madam Dorah alimpeleka kwenye mlango wa kijani. Mimi nilikuwa Gredi ya Nne, nyuma, mikono mapajani. Niliwaona dirishani wakisubiri. Nikawaona wakija.

Walisimama mlangoni. Javan alikuwa akifundisha ujazo. Kila kundi lilikuwa na jerikeni moja, ndoo na chupa ya lita moja, na kazi ilikuwa kujua jerikeni inashika chupa ngapi. Katika Mfangano, Apondi alikuwa anamimina, Quinter anahesabu. Apondi hawezi kuhesabu hadi ishirini. Niliandike hili wazi, asije mtu akadhani yalitokea maajabu. Hajui nne inakuja kabla ya tano, na huenda asijue. Alichojua ni kumimina bila kumwaga, na kukoma Quinter anapomgusa bega.

Bwana Kerosi alinijia akinong'ona. "Mwanafunzi wako yuko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidevu.

"Mbona uko huku?"

"Ndipo ninapofanyia kazi, Bwana."

Aliandika kitu. Wakati huohuo Quinter alifika kumi na sita, akabishana na Shantel kama ni kumi na saba, akasahau kumgusa Apondi bega. Apondi akaendelea kumimina. Ndoo ikafurika, maji yakatiririka chini ya madawati, Rusinga wakaruka juu ya viti wakipiga makelele. Na Apondi, akiona furaha ile, akaimimina jerikeni yote.

Nilikuwa nimeshainuka nusu. Nikakaa.

"Mfangano," Javan alisema. Alikuwa amelowa viatu, na sauti yake haikuwa ya mzaha. "Nyote. Matambara. Sitaki kuona tone. Quinter, wewe kiongozi wa nini? Shantel, acha kucheka. Apondi, na wewe, unatazama nini? Chukua tambara."

Apondi alimtazama. Miaka minne, na nadhani hakuna mwalimu aliyewahi kumkaripia. Uso ukamkunjamana, nikajua atalia. Quinter akamrushia tambara, likamgonga kifuani. Apondi akapiga magoti.

Madam Dorah aliingia akikanyaga pakavu. "Mwalimu Javan, haya ndiyo ninayosema. Apondi, njoo. Njoo twende chumba chako."

Apondi aliendelea kupangusa. Quinter akamsogelea kidogo, kama alivyojifunza kubanana naye.

"Madam," Javan alisema, "huyo hatoki."

"Mwalimu?"

"Amemwaga maji darasani kwangu. Hatoki mpaka sakafu ikauke. Na kesho ni zamu ya Mfangano kuteka mengine, yeye ndiye anayebeba mtungi mkubwa, kwa hiyo kesho pia hawezi. Ijumaa wanafagia." Akajikuna shingo. "Kwa kweli sioni siku ya kukupa."

Mtu mmoja wa Takawiri alicheka, akanyamazishwa. Madam Dorah alitazama watoto waliopiga magoti, mgongo kwa mgongo, wote wameloa, wote wana kosa moja. Nilingoja atoe ufunguo.

"Pangusa na chini ya kabati," akamwambia Apondi hatimaye, kwa Kijaluo, hata mimi nikaelewa. Kisha akatoka.

Bwana Kerosi alinisomea tathmini yangu nje, kwenye kivuli cha tangi. Msaidizi hakuonekana akimsaidia mwanafunzi. Msaidizi alikaa mbali na mwanafunzi kwa kipindi chote. Mwanafunzi alisababisha vurugu, msaidizi hakuingilia. Hajafaulu, arudie.

"Una la kusema?"

"Yote ni kweli, Bwana. Niliinuka kidogo maji yalipomwagika. Ukipenda, ongeza hilo kwenye makosa yangu."

Jumatano, 30 Julai

Kitengo kimerudishiwa magunia ya mahindi. Madam Dorah hajanisemesha tangu siku ile, ila leo mezani alinisogezea ndizi.

Ijumaa, 1 Agosti

Shule zimefungwa.

Nilisimama langoni na begi, nikiwaaga watoto. Nilikuwa nimemtengea Apondi maneno machache ya Kijaluo, nimeyafanyia mazoezi siku mbili. Mfangano walishuka wote kwa pamoja wakisukumana, wakibishana nani alikula mahindi ya nani. Quinter aliniaga. Shantel aliniaga. Apondi alikuwa katikati yao, sweta kombo, akisema neno moja tena na tena ambalo liliwachekesha wote, na akanipita karibu hivi kwamba ningeweza kumfunga kile kifungo. Hakuniona.

Iliniuma njia nzima hadi Migori. Sitaki isiniume.

Mafunzo naanza upya Septemba, shule nyingine, mtoto mwingine. Baba ameshaambiwa kwamba nimeanguka. Ameuliza nimeanguka vipi, na Mama anasema alisikiliza hadi mwisho, kisha akaomba asimuliwe tena pale pa maji. Bwana Kerosi ndiye atakayenitathmini tena. Na alete faili lake. Nitamsalimia, nitampa kiti cha mbele aone vizuri, kisha nitaenda kukaa nyuma.